Kwa nini rafu za hatari kwenye mpira wa Gaelic zinaishia kufungiwa mechi moja?

#1 BabaJunior (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo Ireland, nje kidogo ya Dublin. Mwanangu anacheza Gaelic timu ya vijana ya klabu ya hapa kijijini. Jumapili timu ya wakubwa ilikuwa na mechi ya ubingwa wa kaunti, nikaenda kuangalia. Kipindi cha pili, mpira umeshapigwa zamani, beki wa wapinzani akamvaa kijana wetu kwa bega. Si bega kwa bega, ni bega kwa taya. Kizuia meno kikaruka, kijana akalala chali macho wazi, hajui yuko wapi. Refa alikuwa anafuata mpira. Akarudi, akaongea na mshika kibendera, akatoa kadi ya njano. Njano wakuu!

Ninachodai ni hiki: sheria za mchezo huu zimekuwa kali kwa ujanja na laini kwa hatari. Ukimpiga mtu ngwala makusudi ili asifunge, unakula kadi nyeusi, nje dakika 10. Ukibishana na refa, faulo inasogezwa mbele mita 50. Lakini ukimvunja mtu taya refa akiwa ametazama kwingine, unamaliza mechi na mnapeana mikono. Na akiona, unafungiwa mechi moja, klabu inakata rufaa, unarudi. Nani anaweza kunieleza mantiki yake? Mwanangu atafika timu ya wakubwa siku si nyingi na mama yake ameshaanza kuniuliza.

#2 Chalii wa Sinoni

Pole mkuu. Ila sisi wa huku Arusha huo mchezo hatuujui kabisa. Ni raga au soka? Tupe darasa kwanza ndipo tuchangie.

#3 Mkaazi wa Cork

@Chalii si raga wala soka. Wachezaji 15 kila upande. Mpira wa duara, unaruhusiwa kuudaka, kuupiga teke, na kumpa mwenzako kwa kuupiga kwa ngumi. Ukiwa nao mkononi huendi zaidi ya hatua 4 bila kuudundisha au kuugusa kwa mguu ukarudi mkononi. Goli lina nguzo ndefu na wavu chini. Wavuni ni pointi 3, juu ya mwamba ni 1, na tangu 2025 ukipiga ukiwa nje ya tao la mita 40 unapata 2. Chama chake ni GAA, kilianzishwa Thurles mwaka 1884.

Na jambo la kulijua kabla ya kuchangia: hakuna mchezaji anayelipwa. Hata yule unayemwona fainali pale Croke Park mbele ya watu zaidi ya 80,000, Jumatatu anarudi kufundisha shule au kukamua ng'ombe. Kwa hiyo habari ya kumkata mshahara au kumpiga faini mchezaji haipo. Silaha pekee waliyonayo ni kumfungia.

#4 Omosh wa Drogheda

Mimi nacheza, timu ya tatu ya klabu, misimu kadhaa sasa. Nimepigwa na nimepiga. Wacha niwaambie shida iko wapi: hakuna njia halali ya kumsimamisha mtu.

Sheria inakuruhusu kuupiga mpira kwa kiganja kilichofunguka, na kumsukuma mtu bega kwa bega ukiwa na angalau mguu mmoja chini. Basi. Kumshika hapana, kumvuta hapana, kumkinga kwa kifua kutoka mbele hapana. Sasa jamaa wa kilo tisini anakuja mbio, mpira ameukumbatia kifuani, mimi nifanye nini? Kwa raga unajua mahali pa kumkamata. Hapa kila mtu anabahatisha, na ukichelewa kidogo tu, bega lako linakutana na kichwa chake. Yule beki huenda hakuwa na nia mbaya.

#5 BabaJunior

@Omosh nimekusoma, lakini rudia nilichoandika. Mpira ulikuwa umeshaondoka. Hapakuwa na kitu cha kunyang'anya.

#6 Omosh wa Drogheda

Hapo sawa. Kama mpira ulikuwa umeenda, huyo alikuwa anamwinda.

#7 Nesi Bahati

Nafanya kazi idara ya dharura, magharibi mwa Ireland, hospitali sitaitaja. Jumapili jioni tunawajua kwa soksi zao kabla hawajafungua mdomo.

Nianze kwa kuwatuliza. Wengi tunaowapokea wameumia bila kuguswa na mtu: goti limejipinda, msuli wa nyuma ya paja umechanika, kidole kimevunjika kwa kudaka mpira vibaya. Rafu si sehemu kubwa. Ila zile za rafu zina sura yake. Mkwaruzo wa goti hauji na taya lililohama. Tangu 2014 vizuia meno ni lazima kwa kila mchezaji, watoto walitangulia mwaka mmoja kabla, na meno yaliyong'oka kweli siyaoni sana. Lakini kizuia meno hakizuii ubongo kugonga fuvu.

Kuna kijana aliletwa na mama yake. Akaniuliza matokeo ya mechi, nikamwambia. Nikaenda kuchukua kipimo, nikarudi, akaniuliza tena kwa maneno yale yale na tabasamu lile lile. Mama yake ndipo alipoelewa, akashika ukingo wa kitanda. Anayejadili kama mechi moja inatosha au haitoshi, aje akae pale kwanza.

#8 Kisu Butu

Dada Bahati umetunyamazisha wote. Asante.

#9 Mzee Sululu

Wanangu, mnaongea kana kwamba haya yameanza jana. Mimi nilikuja Dublin kusoma miaka ya themanini mwanzoni. Fainali ya 1983 ya ubingwa wa kaunti zote za Ireland niliiona kwenye televisheni ya baa, Dublin na Galway. Walitolewa 4: Dublin 3, Galway 1. Dublin wakamaliza wakiwa 12 na bado wakashinda 1-10 kwa 1-8, yaani goli 1 na pointi 10 kwa goli 1 na pointi 8. Magazeti yaliandika aibu, mtaani walishangiliwa. Wale 12 mpaka leo wanatajwa kama mashujaa.

Mwaka 1995 fainali tena, Dublin na Tyrone. Charlie Redmond alitolewa na refa Paddy Russell, naye akabaki uwanjani anacheza kwa dakika kadhaa! Enzi hizo refa hakuwa na kadi nyekundu ya kumwonyesha, ni maneno tu, uwanja mzima haukujua katolewa au la. Mwaka 1996, Meath na Mayo, mechi ya marudio ya fainali, haijafika mbali timbwili likazuka karibu timu nzima. Refa Pat McEnaney akachagua mmoja huku na mmoja huku, Colm Coyle na Liam McHale, wengine wakaendelea. Watu wa Mayo wanalilia kutolewa kwa McHale mpaka kesho.

Kwa hiyo msimwambie mzee kwamba mchezo umeharibika. Umesafishwa. Kilichoongezeka ni kamera.

#10 Kisu Butu

Mzee Sululu na baa za 1983! Ulikuja kusoma kitabu gani mzee wangu?

#11 Mzee Sululu

Cha uhandisi, na nilifaulu. Endelea na mada kijana.

#12 BabaJunior

Mzee shikamoo. Lakini maelezo yako yananipa mimi hoja. Mwaka 1996 walipigana ishirini na kitu wakatolewa wawili. Sheria haikufuata aliyekuwa hatari zaidi, ilifuata aliyeonekana. Na Jumapili nimeona hilo hilo.

#13 Mkaazi wa Cork

Tuwe wakweli, GAA wakitaka wanabadilika haraka. Kadi nyeusi ililetwa baada ya Seán Cavanagh wa Tyrone kumbwaga Conor McManus wa Monaghan robo fainali ya 2013. McManus anaelekea golini peke yake, Cavanagh kamrukia kwa nyuma kama mchezaji wa raga, akala njano tu, Tyrone wakashinda. Mchambuzi Joe Brolly aliwaka kwenye televisheni siku ile nchi nzima ikazungumza. Mwaka uliofuata kadi nyeusi ikaanza.

#14 Wakili Mtaani

Masahihisho, @Mkaazi. Kadi nyeusi ilipigiwa kura kwenye mkutano mkuu Machi 2013. Tukio la Cavanagh lilikuwa Agosti. Sheria ilikuwa imeshapitishwa, inasubiri tu kuanza Januari 2014. Cavanagh aliwapa waliokuwa wanaipinga sababu ya kunyamaza, hakuizaa.

Na mwanzoni haikuwa dakika 10. Ulikuwa unatolewa moja kwa moja ila nafasi yako inajazwa na mchezaji wa akiba. Ndiyo maana mwisho wa mechi haikuwa na maana. Tazameni fainali ya 2017, Dublin wameongoza Mayo kwa pointi moja, muda umeisha, Mayo wanataka kuanzisha mpira. Washambuliaji wa Dublin wakawakumbatia mabeki wa Mayo na kuwaangusha chini mmoja mmoja. Ciarán Kilkenny akala kadi nyeusi, akatoka, kombe likaenda Dublin. Alipoteza nini? Mwaka 2020 ndipo ikawa dakika 10 bila mtu wa kuziba.

#15 Omosh wa Drogheda

Na kwa hiyo hiyo fainali, Dean Rock akiwa anapiga ile faulo ya ushindi, Lee Keegan wa Mayo alimrushia kile kifaa cha kupimia mwendo wanachovaa mgongoni. Mpira ukapita juu ya mwamba vile vile. Watu wanacheka nayo, lakini kama kingempata jichoni?

#16 Chalii wa Sinoni

Sasa nimeanza kuuelewa huu mchezo. Swali: baada ya mechi nani anatoa adhabu? Huku kwetu tunajua kamati ya ligi inakaa ndani ya saa 72 inapitia ripoti, mchezaji anafungiwa na faini juu.

#17 Wakili Mtaani

@Chalii ni safari ndefu. Kila kitu kinaanzia kwenye ripoti ya refa. Kwa mechi kubwa za kaunti dhidi ya kaunti, kamati ya mashindano inaisoma, inaangalia video kama ipo, halafu inapendekeza adhabu. Sikiliza neno hilo, inapendekeza. Mchezaji akikataa anaomba kusikilizwa na kamati ya pili. Akishindwa anakwenda kamati ya rufaa. Akishindwa tena kuna baraza huru la usuluhishi, DRA, lipo tangu 2005 ili watu wasikimbilie Mahakama Kuu kila wiki.

Mfano unaojulikana: Diarmuid Connolly wa Dublin, 2015. Nusu fainali na Mayo, sare, alilimwa nyekundu kwa kumpiga Lee Keegan. Kamati ya pili ikakataa utetezi wake, ya rufaa ikakataa. Mechi ya marudio ilikuwa Jumamosi. DRA walikaa usiku wa kuamkia mechi yenyewe, na kwa kura 2 dhidi ya 1 wakafuta adhabu. Hawakusema hakupiga. Walisema hakutendewa haki katika utaratibu wa kumsikiliza. Dublin wakashinda marudio, wakachukua ubingwa.

Mimi kitaaluma naona DRA hawakukosea. Utaratibu ni utaratibu, na chama kinachofungia watu lazima kifuate kanuni zake chenyewe. Lakini naelewa kwa nini mtu wa kawaida anaona kwamba mwenye wakili mzuri hafungiwi.

#18 BabaJunior

Connolly huyo huyo, 2017, mechi na Carlow, alimsukuma mshika kibendera kwa mkono. Si ngumi, msukumo. Wiki 12. Dublin hawakukata hata rufaa.

Weka mizani hapo: mkono kwa mshika kibendera wiki 12, ngumi kwa mchezaji mwenzako mechi moja ambayo inafutika usiku wa manane. Sijaandika uzi huu kwa hasira tu wakuu. Kanuni yenyewe inasema hivyo: kitendo cha hatari kwa mpinzani kiko kwenye kundi ambalo kiwango chake cha chini ni mechi moja.

#19 Refa Mstaafu (Moro)

Nimechezesha soka miaka mingi, Morogoro na mikoa ya jirani, Gaelic sijaiona zaidi ya video. Lakini hapo kwa refa nakupinga, mleta uzi. Refa hana wenzake 14 wa kumtetea. Siku mchezaji akizoea kumgusa refa hakuna atakayeshika filimbi mechi za vijijini, na bila refa hakuna cha kujadili. Adhabu ya kumgusa refa lazima iume kuliko zote.

#20 Mkaazi wa Cork

Mwalimu wa filimbi kasema. Septemba 2022 kule Roscommon refa wa mechi ya vijana chini ya miaka 17 alipigwa mpaka akapelekwa hospitali. Mechi ya watoto! Kaunti nzima ikasimamisha mechi zake. Na zamani kidogo, 2008, Paul Galvin, nahodha wa Kerry, aliyekwishaonyeshwa njano mbili, alilipiga daftari la refa Paddy Russell likaanguka chini. Daftari tu. Wiki 24, baadaye ikapunguzwa baada ya rufaa. Watu walisema ni nyingi. Mimi nasema daftari la refa ni mkono wake.

#21 Mzee Sululu

Paddy Russell yule yule wa 1995. Huyo bwana alikutana na mikasa.

#22 BabaJunior

@Refa Mstaafu sijasema refa aguswe. Nasema kichwa cha mchezaji kipewe uzito unaokaribia huo. Ukiweza kuandika wiki 12 kwa msukumo, unaweza kuandika wiki 12 kwa bega la taya.

#23 Kisu Butu

Naomba kuuliza kama mtu wa nje. Tofauti ya mechi na wiki ni nini hasa? Mbona wengine wanafungiwa mechi, wengine wiki?

#24 Wakili Mtaani

Swali zuri, na hapo ndipo penye siri. Ukifungiwa mechi, unazikosa za ngazi ile ile na mchezo ule ule. Umekula nyekundu na kaunti, unakosa mechi ijayo ya kaunti, lakini wikendi ukitaka unachezea klabu yako. Ukifungiwa wiki, hugusi chochote: klabu, kaunti, ligi, kombe. Kwa hiyo mechi 2 za kaunti zinaweza kukuumiza kuliko wiki 8 za mapumziko, na kinyume chake.

Mfano ni vurugu za Armagh na Galway, robo fainali Juni 2022, Croke Park. Dakika za kawaida zimeisha sare, timu zinaelekea vyumbani kabla ya muda wa nyongeza, ghafla zikashikana. Picha iliyozunguka dunia ni ya mkono unaoingia jichoni mwa Damien Comer wa Galway. Mwenye mkono alikuwa Tiernan Kelly wa Armagh, ambaye siku hiyo hakuwa hata kwenye orodha ya kucheza. Wiki 24.

#25 Omosh wa Drogheda

Wiki 24 kutoka Julai! Msimu wa kaunti unaisha Julai siku hizi. Alirudi kabla ligi ya Januari haijaanza.

#26 Wakili Mtaani

@Omosh ndiyo, upande wa kaunti hakupoteza mengi. Lakini ubingwa wa klabu unachezwa kuanzia Julai mpaka vuli, na huo aliukosa. Kwa mtu aliyekulia kijiji kile, kuketi jukwaani wakati ndugu zake wanacheza si jambo dogo.

#27 BabaJunior

Na siku hiyo hiyo refa alimlima nyekundu Seán Kelly wa Galway, ambaye kwenye video anaonekana anatuliza watu. Nyekundu moja kwake, moja kwa Aidan Nugent wa Armagh. Ya Kelly ilifutwa baadaye. Mmoja huku, mmoja huku, kama 1996.

#28 Mkaazi wa Cork

Vurugu wameanza kuzishughulikia lakini. Februari mwaka huo huo wa 2022, ligi, Armagh na Tyrone, refa David Gough alitoa nyekundu 5 kwa mkupuo mmoja, 4 kwa Tyrone ambao walikuwa mabingwa watetezi. Kosa lao: kuchangia vurugu. Watu wa Tyrone walipiga kelele kwamba hawakupiga ngumi. Lakini ujumbe ulifika, ukikimbilia kwenye fujo umechangia.

#29 Mama Tunu

Wakaka habari zenu. Mbona mnaongea kana kwamba wanaochezea Gaelic ni wanaume peke yao? Binti yangu anacheza, nipo Kildare. Wanawake wana chama chao tangu 1974, na kwao kadi ya njano yenyewe ni dakika 10 nje. Si nyeusi, njano! Ukicheza rafu mbaya timu yako inabaki na mtu pungufu hapo hapo, kila mzazi uwanjani anaona gharama yake. Saa ya kuhesabu kurudi nyuma na honi ya mwisho walikuwa nayo zamani, wanaume wameiiga 2025.

Nimeangalia mechi za binti yangu na za mdogo wake wa kiume. Kwa wasichana kocha akiona njano anamwita mchezaji na kumfokea. Kwa wavulana kocha anamfokea refa. Mimi naona tatizo liko pembeni ya uwanja kuliko ndani.

#30 Nesi Bahati

Mama Tunu nakuunga mkono kwa yote mawili. Ila wasichana nao wanaumizana, hasa kichwa kwa kichwa wanaporukia mpira.

#31 Mama Tunu

Ni kweli dada. Sijasema ni malaika.

#32 Kimoso wa Iten

Nje ya mada kidogo. Mnapotaja Ireland mimi namkumbuka Brother Colm O'Connell, kutoka Cork, alikuja St Patrick's hapa Iten 1976 kufundisha jiografia na akaishia kufundisha mabingwa wa dunia wa riadha. Huyo hakuwahi kutuambia huko kwao watu wanapigana hivi!

#33 Omosh wa Drogheda

Kimoso, Brother Colm ni wa mbio. Mbio hakuna mtu wa kukuvaa.

Na tukiwa nje ya mada, mnajua waliwahi kuchanganya Gaelic na ule mpira wa Australia, Ireland dhidi ya Australia? 2006 pale Croke Park, Graham Geraghty wa Meath aliangushwa na Danyle Pearce mpaka akapoteza fahamu, akatolewa kwa machela. Kocha wa Ireland Seán Boylan alikuwa karibu kuwaondoa vijana wake. Mwaka 2007 mashindano hayakuchezwa, yakarudi 2008. Wale Waaustralia wanalipwa na wamezoea kukamatana kweli. Wetu walikuwa walimu na mapolisi. Lakini ona, walipoona hatari ni kubwa walisimamisha kila kitu. Kwa hivyo wakitaka wanaweza.

#34 Refa Mstaafu (Moro)

Nimerudi. Nimetazama video kadhaa mlizotaja. Nina la kitaalamu: refa mmoja anakimbiza wachezaji 30 kwenye uwanja mkubwa kuliko wa soka, mpira unaruka mita 50 kwa teke moja. Macho yake lazima yafuate mpira. Aliyebaki nyuma na mpinzani wake ana nafasi ya kufanya lolote. Washika vibendera na waamuzi wa goli wapewe mamlaka zaidi ya kusimamisha mchezo. Na video: naambiwa wanayo ya kuangalia kama mpira umepita juu ya mwamba, lakini si ya kuangalia rafu. Mngeanzia hapo.

#35 Mkaazi wa Cork

Mwalimu, hiyo ya mwamba ipo viwanja vichache sana. Klabu za kijijini zina kamera moja juu ya gari la mtu.

#36 Wakili Mtaani

Na hata video ikiwepo kuna kizingiti. Kama refa ameliona tukio na kulitolea uamuzi, kamati inabidi imwandikie kumuuliza kama anaridhika na uamuzi wake. Akisema ameridhika, umekwisha. @BabaJunior, hiyo njano ya Jumapili ndiyo inayokuumiza. Angekuwa hakuona kabisa, njia ingekuwa wazi zaidi.

Ipo njia nyingine ambayo watu wengi hapa hawaipendi. Uwanja si kisiwa nje ya sheria. Ireland wapo waliofikishwa mahakamani na kuhukumiwa kwa kuvunja taya la mtu kwenye mechi. Polisi wakipokea malalamiko wanafungua jalada.

#37 Omosh wa Drogheda

@Wakili hiyo usimshauri mtu kirahisi. Hapa kijijini beki yule ni binamu wa mwenye duka, dada yake ndiye anafundisha watoto wenu, na msimu ujao mtakuwa nao kwenye basi moja la timu ya kaunti. Ukienda polisi, klabu yako mwenyewe itakunyamazia. Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo watu wanavyoishi, na ndiyo sababu kubwa rafu nyingi hazifiki popote. Wenyeji wanamalizana chini kwa chini, msamaha unaombwa msibani au harusini.

#38 Nesi Bahati

Mimi hapo Omosh siwezi kukubaliana nawe hata kidogo. Kichwa cha mtoto wa mtu hakimaliziwi harusini.

#39 Mzee Sululu

Nesi ana haki. Lakini Omosh anaeleza mji ulivyo. Nimeishi hapa zaidi ya miaka arobaini na nimeona yote mawili, familia zilizosameheana na zisizosalimiana tangu fainali ya kijiji ambayo hakuna anayekumbuka nani alishinda.

#40 Chalii wa Sinoni

Mleta uzi, yule kijana anaendeleaje?

#41 BabaJunior

@Chalii asante kwa kuuliza. Kazini hajarudi, mwanga unamsumbua na daktari amemkataza mazoezi. Ni fundi bomba, anajitegemea. Mfuko wa majeruhi wa chama utamsaidia kiasi, haufikii anachoingiza kwa wiki. Klabu imekaa jana usiku. Nusu wanataka kuandika barua na kuambatanisha video, nusu wanasema tuwapige kwenye mechi ya marudiano. Nikasimama nikawaambia, mimi mgeni, kwamba mtu akilipiza nitamwondoa mwanangu kwenye klabu.

#42 Mama Tunu

Umefanya vizuri sana kaka. Walisemaje?

#43 BabaJunior

Kimya kwanza. Halafu kocha wa vijana akaniunga mkono, mwenyekiti akaomba video. Barua inakwenda kesho.

#44 Wakili Mtaani

Barua isiombe adhabu. Iombe refa aulizwe kama anaridhika na njano yake, na itaje dakika ya tukio kwenye video. Mkianza kutaja wiki na mechi wataona ni kisasi na kuiweka pembeni.

#45 Omosh wa Drogheda

Na refa atasema ameridhika. Wote husema hivyo.

#46 Refa Mstaafu (Moro)

Si wote, kijana. Mimi niliwahi kuandika ripoti ya pili baada ya kuona picha, nikaomba mchezaji niliyemwacha afungiwe. Mpelekeeni hiyo video bila matusi, mwacheni aitazame peke yake.

#47 Omosh wa Drogheda

Sawa mwalimu, tusubiri tuone. Lakini hata akifungiwa huyo mmoja, wikendi ijayo mimi niko uwanjani na bado sijaambiwa mtu wa kilo tisini nimsimamishe vipi. Hilo la kumnyang'anya mtu mpira bila kumshika hakuna aliyelijibu hapa tangu #4.